Gideoni Mkata Miti: Uhakiki wa Jina la Kishujaa

Utangulizi

Kuna kanuni moja ambayo sisi wanafunzi wa fasihi tumeimeza tangu kidato cha tano bila kuitafuna: kwamba jina la mhusika husadifu tabia yake. Ukifika kwenye kipengele cha fani, baada ya muundo na mtindo, unaweka kichwa kidogo "Majina ya Wahusika", unaandika mistari mitano, unapata alama zako mbili, kisha unasonga mbele kwenye mandhari. Mambosasa na Mamboleo katika Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi wanaibeba kanuni hiyo vizuri tu. Lakini mwandishi huyohuyo, katika Rosa Mistika (1971), anampa baba mlevi anayeitesa familia yake jina la Zakaria, ambalo kwa Kiebrania lina maana ya "Mungu amekumbuka". Mke anayepigwa anaitwa Regina, yaani "malkia" kwa Kilatini. Hapo kanuni yetu inasadifu nini? Ama tuseme Kezilahabi alikosea, ama tukubali kwamba jina linaweza kugombana na mwenye jina.

Makala haya yanafuata njia hiyo ya pili. Nimechagua jina moja tu, Gideoni, kwa sababu kule Mgololo nilikokulia jina hili limejaa. Ita "Gidi!" nje ya kanisa siku ya Jumapili, hatageuka mtu mmoja. Na ukimuuliza yeyote maana yake, jibu liko tayari mdomoni: "Shujaa." Hoja yangu ni kwamba jina hili halina maana hiyo, kwamba hadithi yenyewe inalihoji neno "shujaa" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwamba ushujaa ambao hadithi inauonyesha waziwazi mwishoni umo mikononi mwa mwanamke ambaye hakupewa jina kabisa. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 6 hadi ya 9, nakisoma hapa kama fasihi. Suala la imani namwachia kila mtu na moyo wake.

Jina na asili yake

Tuanze na lugha. Gideoni linatokana na mzizi wa Kiebrania wenye maana ya kukata na kuangusha. Mzizi huohuo ndio uliotumika katika Kumbukumbu la Torati 7:5, pale Waisraeli wanapoamriwa kuziangusha Ashera, yaani nguzo za miti za kumwabudia mungu wa kike wa Wakanaani. Kwa hiyo tafsiri ya karibu ya Gideoni ni "mkataji" au "mwangushaji".

Kwa mtu wa Mgololo jambo hili halihitaji kamusi. Mgololo iko wilayani Mufindi, mkoani Iringa, na inajulikana kwa kiwanda cha karatasi kilichojengwa huko miaka ya 1980 kwa sababu miti ilikuwepo: misindano na milingoti ya shamba la Sao Hill, ambalo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini Tanzania. Huko mkata miti si sitiari. Ni mtu anayeamka alfajiri na msumeno, na jioni anarudi ananuka utomvu. Ukiambiwa Gideoni ni "mkataji", unalielewa mara moja kama jina la kazi, sawa na mtu kuitwa Mhunzi au Mfinyanzi.

Sasa "shujaa" limetoka wapi? Limetoka kwenye maamkizi. Katika Waamuzi 6:12 malaika anamtokea Gideoni na kumwita gibbor hehayil. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union inayosomwa makanisani mpaka leo, waliweka hapo neno moja: "shujaa". Watu wakayachukua maamkizi, wakayageuza kuwa maana ya jina. Ni sawa na mtu kumkuta Juma njiani, akamwita "mzee", halafu sisi tukaandika katika kamusi kwamba Juma maana yake ni mzee.

Hayo maamkizi yenyewe yana maneno mawili, na yote mawili yana utajiri ambao "shujaa" haliubebi. La kwanza, gibbor, linatoka katika mzizi g-b-r, wenye maana ya nguvu na kushinda. Mzizi huu sisi Waswahili tunao nyumbani kwetu. Ndio uliomo katika jina Gabrieli, ambaye kwa Waislamu ni Jibrili. Na ndugu yake wa Kiarabu ametupa neno "jabari". Sasa jabari ni neno lenye sura mbili. Upande mmoja ni mwenye uwezo mkuu, hata likawa miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu. Upande wa pili, likisemwa juu ya binadamu, lina harufu ya ubabe na ujeuri. Kumbuka sura hizo mbili, tutazihitaji mbele.

Neno la pili, hayil, ni pana zaidi. Lina maana ya nguvu, lina maana ya mali, lina maana ya jeshi, na lina maana ya uwezo wa mtu kwa ujumla. Mtu wa hayil anaweza kuwa askari hodari, anaweza kuwa tajiri, anaweza kuwa mtu anayeaminika mtaani kwake kwa sababu mambo yake yana uzito. Kuliweka neno hili lote ndani ya "shujaa" ni kulipunguza, na mfasiri anapopunguza huwa anachagua. Nitaonyesha baadaye kwamba uchaguzi huo una jinsia.

Jina lilivyofika Nyanda za Juu Kusini

Majina ya Kiebrania hayakuota kwetu kama uyoga. Yaliletwa na ubatizo. Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin waliingia nyanda hizi kupitia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, jeshi la Wahehe lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Mtawala wa Wahehe wakati ule alikuwa Mukwavinyika, jina linalofasiriwa kuwa "mteka nchi nyingi". Likafupishwa kuwa Mukwava, na leo tunaandika Mkwawa. M. M. Mulokozi alilirudisha karibu na asili yake alipoipa tamthiliya yake jina la Mukwava wa Uhehe.

Linganisha majina haya mawili. Mukwavinyika ni jina linalotaja tendo: nchi zimetekwa, mwenye kuziteka anatajwa. Gideoni, kwa jinsi tunavyolitumia, ni jina analowekewa mtoto mchanga ambaye hajamshinda hata nzi, kwa matumaini kwamba atakuwa shujaa. Jina la kwanza ni ushahidi, la pili ni dua. Sidai kwamba moja liliingia ili kulifuta lingine. Hata hivyo historia inasema wazi kwamba Kalenga ilianguka mwaka 1894, Mkwawa akajiua tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 lakini likarudi Uhehe mwaka 1954. Katika miaka hiyohiyo watoto wa nyanda hizi walikuwa wanaandikwa katika vitabu vya ubatizo kwa majina ya mashujaa wa Israeli. Kwa hiyo jina la kishujaa kwetu lina historia ya ushindi na ya kushindwa kwa pamoja, na mhakiki anayelichambua hana budi kuiweka historia hiyo mezani.

Shujaa shimoni

Turudi kwenye hadithi. Wamidiani wanavamia kila msimu wa mavuno na kupora nafaka. Gideoni mwana wa Yoashi yuko Ofra, anapura ngano ndani ya shinikizo. Shinikizo ni shimo la mwambani la kukamulia zabibu. Sisi wa ulanzi hatuna kitu hicho, lakini picha inaeleweka: ngano hupurwa mahali pa wazi penye upepo ili makapi yapeperuke. Anayepura shimoni anajificha. Na ni katika hali hiyo, jasho linamtoka na makapi yamemjaa kichwani, ndipo anapoitwa gibbor hehayil.

Hapa pana kejeli ya hali ya juu, na neno "shujaa" la Kiswahili linatuonyesha nusu yake tu. Nusu hiyo ni ya woga: shujaa gani huyu anayejificha? Nusu ya pili imo katika hayil kwa maana ya mali na daraja. Gideoni anajibu kwamba jamaa yake ni maskini kuliko wote katika Manase, na yeye ni mdogo wa mwisho nyumbani kwao. Tukiwa na "shujaa" peke yake, jibu hili linaonekana limeruka: mtu kaambiwa habari ya ushujaa, yeye analeta habari ya umaskini. Tukiwa na hayil linakaa sawasawa. Ameitwa mtu mzito, anajibu kwamba hana uzito wowote.

Lakini je, ni kweli? Aya chache mbele tunamkuta ana watumishi kumi wa kwenda nao, na baba yake ndiye mwenye madhabahu ya Baali ambayo mji mzima unaitegemea. Maskini wa namna gani huyo? Wahakiki wanaopenda kuanza na suala la tabaka, na katika idara zetu ni wengi, wangeliona hili haraka: Gideoni ni mtoto wa nyumba yenye nguvu anayejivika vazi la mnyonge. Maamkizi ya malaika yanamfichua mara mbili. Yanamwita hodari naye amejificha. Yanamwita mwenye nafasi naye anaikana nafasi yake.

Tendo lake la kwanza linalitimiza jina. Anaambiwa aibomoe madhabahu ya baba yake na kuikata Ashera iliyo kando yake. Mkataji anakata. Lakini anakata usiku, na msimulizi hafichi sababu: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Asubuhi wenye mji wanataka auawe, na anayemtetea ni baba yake. Hapo anapata jina jipya, Yerubaali, lenye maana ya kwamba Baali na agombane naye mwenyewe. Kwa hiyo mtu huyu ana vitambulisho vitatu: jina la kuzaliwa linalotaja kazi, maamkizi yanayomtaja kinyume cha alivyo, na jina la tendo alilolifanya gizani. Kilichokosa kuwa jina lake kati ya vyote hivyo ni "shujaa".

Hata vita vyake vinaendeleza mzaha huohuo. Kumbuka hayil ni jeshi pia. Mtu aliyeitwa mwenye jeshi anaanza na watu 32,000; 22,000 wanarudi nyumbani kwa sababu wanaogopa; wanabaki 10,000; halafu wanachujwa mpaka 300, wenye tarumbeta, mitungi na mienge. Mshindi anavuliwa hayil yake yote kabla ya kushinda.

Jabari anajitokeza

Mahubiri mengi huishia kwenye mienge. Uhakiki hauruhusiwi kuishia hapo, kwa sababu sura ya 8 ipo. Gideoni anavuka Yordani akiwafukuza wafalme Zeba na Salmuna. Anawaomba watu wa Sukothi mikate kwa ajili ya askari wake waliochoka, wanamnyima. Anawaomba wa Penueli, wanamnyima. Akirudi na ushindi, wazee wa Sukothi anawaadhibu kwa miiba ya nyikani, na mnara wa Penueli anaubomoa na kuwaua watu wa mji. Kisha anamwamuru Yetheri, mwanawe wa kwanza, awaue wale wafalme mateka. Kijana hauchomoi upanga. Anaogopa, bado ni mtoto.

Hii kwangu ndiyo aya yenye uchungu kuliko zote. Baba alianza hadithi akiwa na woga, na woga ule ulikuwa sehemu ya ubinadamu wake. Sasa woga uko kwa mtoto, na baba hauoni tena. Ndiyo maana nasema Kiswahili kilikuwa na neno la kufaa zaidi kuliko "shujaa". Kilikuwa na "jabari", ndugu wa damu wa gibbor, neno lenye uwezo na ubabe ndani ya ganda moja. Lingewekwa hilo katika 6:12, msomaji wa Kiswahili angepewa onyo mapema. "Shujaa" linatupa sifa tupu, na tukifika Sukothi tunabaki tunashangaa, jamani, huyu ni yuleyule?

Miti, nafaka na jiwe

Hadithi hii imeshonwa kwa nyuzi mbili, na sijawahi kuona tukizifuata darasani. Uzi wa kwanza ni wa miti. Malaika anaketi chini ya mwaloni. Gideoni anaikata Ashera na kuifanya kuni za sadaka. Miiba inatumika kuadhibu Sukothi. Baada ya kifo cha Gideoni, mwanawe Abimeleki, jina lenye maana ya "baba yangu ni mfalme", anawaua ndugu zake 70 juu ya jiwe moja ili atawale. Aliyepona ni mdogo wa mwisho, Yothamu, na anachofanya ni kusimama juu ya mlima Gerizimu na kutoa ngano ya miti: miti ilitafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mwishoni mti wa miiba ukakubali, na ukatishia kutoa moto wa kuiteketeza mierezi. Mtu wa Mufindi aliyewahi kuona moto ukiingia katika msitu wa misindano wakati wa kiangazi haelezwi mara mbili.

Kisha Abimeleki mwenyewe anashika shoka, anakata tawi, analiweka begani, anawaamuru watu wake wote wafanye hivyo, na kwa matawi hayo anauchoma moto mnara wa Shekemu pamoja na wanaume na wanawake wapatao 1,000. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ni kilekile kilichotumika Gideoni alipoambiwa aikate Ashera. Msimulizi anatuambia kimyakimya kwamba mwana amerithi shoka la baba. Kilichobadilika ni kinachoangushwa: baba aliangusha sanamu, mwana anaangusha watu.

Uzi wa pili ni wa nafaka. Ngano inapurwa shimoni. Askari wa Midiani anaota mkate wa shayiri ukibingirika na kuiangusha hema, na mwenzake anaufasiri kuwa ni Gideoni. Mikate inaombwa Sukothi na kunyimwa. Na mwisho Abimeleki anafika Thebesi, anausogelea mnara ili auchome kama ule wa Shekemu, na mwanamke mmoja anaangusha kutoka juu jiwe la kusagia, lile la juu, na kulivunja fuvu lake.

Hapo nyuzi mbili zinakutana. Mti uliokatwa unakuja kuchoma, jiwe la nafaka linauzuia. Hadithi iliyofunguliwa na mwanamume aliyejificha na ngano yake kwa kuogopa adui inafungwa na mwanamke aliyeshika kifaa chake cha kila siku, mbele ya adui, mchana kweupe. Hakuwa na upanga. Alikuwa na jiwe ambalo mkono wake ulilizoea kwa kusagia unga. Hakupata maamkizi ya malaika, wala ishara ya ngozi ya kondoo, wala watu 300. Na hakupata jina. Ameandikwa "mwanamke mmoja", basi.

Abimeleki anajua nini kimetokea. Akiwa anakata roho anamwomba kijana aliyembebea silaha amchome upanga, ili watu wasije wakasema ameuawa na mwanamke. Fasihi ina namna yake ya kulipiza. Katika 2 Samweli 11:21, vizazi kadhaa baadaye, mtu anapokumbusha kifo cha Abimeleki anakumbusha jambo hilohilo alilotaka lifichwe: mwanamke alimwangushia jiwe. Na katika aya hiyohiyo jina la baba yake limechakachuliwa: Yerubaali limekuwa Yerubeshethi, ambapo neno lenye maana ya "aibu" limekaa mahali pa Baali. Jina la mwangushaji limeaibishwa, na tendo la asiye na jina limebaki.

Neno moja, tafsiri tatu

Sasa nirudi kwenye deni langu la jinsia. Lile neno hayil halikumwangukia Gideoni peke yake. Katika Ruthu 2:1 Boazi anaitwa kwa maneno yaleyale mawili, gibbor hayil. Biblia yetu ya 1952 hapo inataja mali. Katika Ruthu 3:11 Ruthu naye anaitwa mwanamke wa hayil. Hapo tunapata "mwema". Katika Mithali 31:10, sifa ya yule mke ambaye kila harusi ya kanisani Mufindi inamtaja, Kiebrania kinasema mke wa hayil. Tafsiri inasema "mwema". Neno ni moja. Kwa mwanamume wa vita ni ushujaa, kwa mwanamume wa mashamba ni mali, kwa mwanamke ni wema.

Mtu atanipinga kwamba watafsiri hawakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwepo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ilimpa mke wa Mithali 31 kivumishi cha ushujaa hasa, na tafsiri ya Kilatini ya Jeromu ilimwita mwenye nguvu. Ni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyogawa kama tulivyogawa sisi: ushujaa kwa Gideoni, utajiri kwa Boazi, uadilifu kwa wanawake. Kiswahili kiliangukia mgawo uleule. Mwingine atasema wema ni sifa kubwa, kuna ubaya gani? Sina ugomvi na wema. Ila wema, kwa matumizi yetu ya kawaida, ni sifa ya kutomsumbua mtu. Yule wa Mithali 31 ananunua shamba, anafanya biashara usiku kucha, mikono yake ina nguvu. Huyo ni mtu wa hayil, kwa maana zake zote.

Na atakayesema kwamba kitabu cha Waamuzi kina Debora na Yaeli, waliotajwa kwa majina sura mbili tu kabla ya Gideoni, amesema kweli, na amenipa nguvu. Msimulizi anayejua kumtaja Yaeli na kigingi chake anajua pia kumtaja mwanamke wa Thebesi. Asipomtaja, ukimya huo ni wa kuhakikiwa. Katika sura ya 6 hadi ya 9 mama yake Gideoni hana jina, wake zake wengi hawana majina, suria wa Shekemu aliyemzaa Abimeleki hana jina. Wanaume wamejaa majina, na majina yao yote yanaishia kwenye damu.

Fasihi yetu imekwisha kuliona jambo hili. Katika Nguzo Mama (1982), Penina Muhando anawaleta jukwaani wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo, na wanaitwa Bi Moja, Bi Mbili, mpaka Bi Nane. Wahakiki wamezoea kuona hapo ishara ya wanawake wote. Mimi naona vilevile shtaka: jamii inayowahesabu wanawake bila kuwataja. Mmoja wao anapofiwa na mumewe, ndugu wa mume wanakuja kuchukua mali, na tarakimu haina la kudai. Inafurahisha kwamba jina la mwandishi mwenyewe, Penina, ni la Kiebrania, na liko karibu na neno la Mithali 31:10 linalotafsiriwa "marijani", lile ambalo thamani ya mke wa hayil inalipita.

Hitimisho

Nimesema kwamba Gideoni ni mkata miti, kwamba "shujaa" ni maamkizi yenye kejeli ndani yake, kwamba "jabari" lingelibeba gibbor vizuri zaidi, na kwamba ushujaa wa hadithi hii umefika mwisho wake katika mkono usio na jina. Kama ni hivyo, ile kanuni ya "majina yanasadifu" haitutoshi. Tuulize pia: nani kapewa jina, nani kanyimwa, na nani kafaidika na mgawo huo?

Swali hili si la chuoni tu. Mufindi mama wa Gideoni anaitwa Mama Gidi tangu siku anayojifungua, na jina lake la ubatizo linabaki kwenye cheti. Ndiye anayejaza udongo kwenye viriba vya miche ambayo baada ya miaka mingi Gidi ataikata. Binti yake akimaliza darasa la saba huenda akachukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani, na huko nyumba nzima, mpaka watoto, watamwita "dada" miaka mitatu bila kumuuliza anaitwa nani. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anatuma hela nyumbani, wadogo zake wanasoma kwa hizo hela. Kiebrania kina neno la mtu wa namna hiyo. Kiswahili nacho kina uwezo wa kumwita shujaa, lakini kwenye harusi yake, akibahatika kuipata, mhubiri atamsifu kuwa mke mwema.

Wahakiki wenzangu, watafsiri wa 1952 walifanya kazi kubwa, na lugha tunayoiandikia leo wameichangia. Hatuwezi kuirudia kazi yao. Tunachoweza ni kuacha kuyapokea majina kama tunavyopokea chenji, bila kuhesabu. Anayetaka kumwita mwanawe Gideoni na amwite, ni jina zuri la mtu anayefanya kazi. Ila akiulizwa shujaa wa hadithi ile ni nani, aanze kuhesabu kutoka juu ya mnara wa Thebesi.